Maswali na Majibu: Visiwa vya Atomi na Kazi ya Sarfaktanti katika Tando Nyembamba

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi jinsi mvuke wa atomi unavyogeuka kuwa utando mwembamba juu ya fuwele ndani ya chumba cha ombwe, tukagusia kwamba tabaka moja tu la elementi nyingine, ambayo wataalamu huiita sarfaktanti, laweza kubadili sura ya utando mzima. Barua zilizofuata zimetufurahisha kwa sababu wasomaji hawakuridhika na maelezo ya juujuu. Hapa tunajibu sita kati ya hizo.

Swali: Ukinyunyiza rangi ukutani, inatandaa. Kwa nini atomi zinazotua juu ya fuwele hazitandai vivyo hivyo, bali hujikusanya zikawa visiwa? Je, hiyo si dalili kwamba uso haukusafishwa vizuri? (Mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili)

Jibu: Ni kweli kwamba chembe za uchafu na kingo za ngazi zilizomo kwenye fuwele huzinasa atomi kabla ya mahali pengine popote. Hata hivyo, uso uliosafishwa kadiri ya uwezo wa binadamu, wenye uwanda mpana usio na kasoro, nao utaota visiwa. Sababu yake ni mwendo wa atomi zenyewe.

Tuifuate atomi moja. Inatoka katika tanuri dogo, inapita kwenye ombwe bila kugongana na chochote, kisha inatua juu ya fuwele. Uso wa fuwele una vishimo vilivyopangwa kwa utaratibu, na baina ya kishimo na jirani yake pana kizingiti cha nishati ambacho atomi lazima ikivuke ili ihame. Atomi hutetemeka ndani ya kishimo chake kiasi cha mara 10,000,000,000,000 kwa sekunde, na kila mtetemo ni sawa na jaribio la kuruka. Tuchukue kizingiti cha elektronivolti 0.5. Uso ukiwa na kelvini 300, ambayo ni halijoto ya kawaida ya chumba, majaribio yanayofaulu ni kama 40,000 kwa sekunde. Ukiupoza hadi kelvini 200, yatabaki mawili au matatu kwa sekunde. Ukiupasha hadi kelvini 400, yatafika milioni 5 hivi. Kizingiti ni kile kile, vishimo ni vile vile, lakini tabia ya uso imebadilika kabisa.

Sasa linganisha mwendo huo na kasi ambayo atomi mpya zinawasili. Tuseme tunaweka tabaka moja kwa dakika, maana yake kila kishimo, kwa wastani, kinatuliwa na atomi mpya mara moja tu kwa dakika. Katika muda huo huo atomi iliyokwisha kutua, kwenye kelvini 300, ingeweza kuruka mara 2,400,000. Kwa hiyo haiketi pale ilipoangukia ikingoja wenzake waje kujaza nafasi za pembeni, bali huzurura. Uzururaji wake hauna mwelekeo, inakwenda mbele na kurudi nyuma, hata ruka 40,000 huifikisha umbali wa vishimo 200 tu kutoka ilikoanzia. Njiani hukutana na mzururaji mwingine na kushikana naye, na hapo ndipo kiini kinapozaliwa. (Nasema kiini cha kisiwa, si kile kiini cha atomi chenye protoni na neutroni, ni bahati mbaya kwamba neno ni moja.)

Si kila jozi inayoshikana hudumu. Kwenye uso wenye joto, jozi huachana upesi, na huenda zikahitajika atomi tatu, nne au zaidi ndipo kundi likae. Wataalamu huita ukubwa wa mpaka ile idadi kubwa kabisa ya atomi ambazo bado zinaweza kuachana, kundi ambalo likiongezewa atomi moja tu linakuwa thabiti. Pale ambapo jozi yenyewe ni thabiti, ukubwa wa mpaka ni 1.

Mwanzoni wazururaji hukutana wao kwa wao, na viini huongezeka haraka. Visiwa vikishakuwa vingi, kila mzururaji hugonga ukingo wa kisiwa kabla hajapata mwenzake wa kuanzisha kipya, basi kuzaliwa kwa viini hukoma na vilivyopo hunenepa. Idadi ya mwisho ya visiwa ni matokeo ya shindano hilo baina ya kuwasili na kuzurura. Ukubwa wa mpaka ukiwa 1, idadi hiyo hufuata kipeo cha theluthi moja cha uwiano wa kasi ya kuwasili na kasi ya kuzurura, kwa hiyo ukiongeza kasi ya kuwasili mara 1,000, visiwa huongezeka mara 10 tu. Naomba ukumbuke kanuni hii, maana nitairudia katika jibu la mwisho.

Swali: Mimi ninavyojua, sarfaktanti ni kitu kama sabuni, chenye molekuli ambazo upande mmoja unapenda maji na upande mwingine unapenda mafuta. Ndani ya ombwe hakuna maji wala mafuta. Kwa nini jina hili lilitumika? (Mwalimu wa kemia, shule ya sekondari)

Jibu: Mwalimu, jina lilichukuliwa kwa sababu ya jambo moja wanalofanana: sabuni hukaa juu ya maji na kupunguza nishati ya uso wake, na elementi hizi nazo hukaa juu ya utando unaokua na kupunguza nishati ya uso wake. Mfanano unaishia hapo, na kwa maoni yangu jina limewapoteza wengi, kwani huwafanya wadhani kwamba kazi yote ni ya kulainisha uso. Kazi iliyo kubwa zaidi ni kuamua atomi ipite wapi na izuiwe wapi.

Mwaka 1958 mwanafizikia Ernst Bauer aliainisha aina tatu za ukuaji wa tando kwa kulinganisha nishati za nyuso. Kuna ukuaji wa tabaka juu ya tabaka, kuna ukuaji wa visiwa tangu mwanzo, na kuna ule wa kati, ambao matabaka machache hutandaa kwanza na kisha vilima huanza kuchomoza. Gerimaniamu juu ya silikoni ni mfano maarufu wa aina hii ya tatu. Nafasi za atomi katika fuwele ya gerimaniamu ni kubwa kuliko za silikoni kwa asilimia 4.2. Matabaka matatu hivi ya kwanza huvumilia kubanwa, halafu mkazo unakuwa mkubwa mno, na gerimaniamu hujikunja kuwa vilima, kwa kuwa kilima kinaweza kujipanua pembeni na kupumua.

Mwaka 1989 watafiti Copel, Reuter, Kaxiras na Tromp walionyesha kwamba ukiifunika silikoni kwa tabaka moja la aseniki kabla ya kuleta gerimaniamu, vilima hivyo havitokei, na utando unaendelea kukua ukiwa bapa. Aseniki haikuzikwa chini ya gerimaniamu. Ilielea juu yake, tabaka baada ya tabaka.

Tuisogelee aseniki hiyo tuone inafanya nini. Kwenye uso wa silikoni unaoitwa 001 (tarakimu hizi hutaja upande ambao fuwele imekatwa), kila atomi ya juu ina vifungo viwili kwenda chini na kimoja kwenda kwa mwenzake wa pembeni, kwa sababu atomi za uso hujipanga wawili wawili. Silikoni ina elektroni nne za nje, hivyo elektroni moja hubaki bila mshirika, nayo ni ghali kwa nishati. Weka aseniki mahali pake. Aseniki ina elektroni tano za nje: tatu zinaingia katika vifungo vile vile vitatu, na mbili zilizobaki zinaungana zenyewe kuwa jozi iliyotulia. Hakuna elektroni inayotafuta mwenzi. Uso umeridhika, ndiyo maana aseniki haitaki kuondoka juu.

Atomi ya gerimaniamu inatua juu ya uso huo ulioridhika. Haina mahali pazuri pa kushika, kwa hiyo iko katika hali ya nishati kubwa, na inaponyoka kidogo huku na huku. Kisha jozi ya aseniki iliyo chini yake inafunguka, gerimaniamu inapenya kati yake na kushuka, aseniki inapanda, na mpango mpya unajifunga. Sasa gerimaniamu ina majirani kila upande na aseniki iko tena juu pamoja na jozi zake za elektroni zilizotulia. Ili gerimaniamu ile itoke tena, ingelazimika kuvunja vifungo vyote hivyo na kuacha elektroni zisizo na mwenzi juani, kama wasemavyo vijana. Haitoki. Kilima hujengwa na atomi zinazosafiri mbali na kupanda juu ya zingine, na hapa safari imekatwa mapema.

Mkazo wa asilimia 4.2 haukufutwa, na naomba msomaji asidhani hivyo. Utando unapozidi unene, mkazo hutafuta njia nyingine. Katika uso wa silikoni uitwao 111, ambako antimoni hutumika badala ya aseniki, gerimaniamu hujilegeza kwa kutengeneza wavu wa kasoro pale pale inapokutana na silikoni: safu 24 za gerimaniamu zinakaa juu ya nafasi 25 za silikoni, na kasoro hizo hupangika kwa umbali wa karibu nanomita 10 kutoka moja hadi nyingine. Juu ya wavu huo gerimaniamu hukua ikiwa bapa. Mimi huona hili kuwa jambo zuri kuliko yote katika somo hili, kwamba kasoro zinakaa chini kabisa ambako madhara yake ni machache.

Swali: Je, sarfaktanti yote hutoka mwishoni, au nyingine hubaki ndani ya utando? (Fundi wa maabara)

Jibu: Sehemu kubwa huelea mpaka mwisho, na mara nyingi huweza kuondolewa kwa kuupasha utando joto hadi ivukizwe. Kiasi kidogo hunaswa ndani. Kwa metali huenda lisiwe tatizo kubwa, lakini kwa semikondakta kila atomi ya aseniki au antimoni iliyonaswa huchangia elektroni moja, na kila atomi ya galiamu huacha pengo la elektroni, kwa hiyo tabia ya umeme ya utando hubadilika. Mtu anayechagua sarfaktanti lazima aangalie jambo hili sambamba na sura ya uso. Bati na risasi, ambazo ziko katika kundi lile lile la silikoni, hazina athari hiyo ya kuchangia au kupunguza elektroni.

Swali: Nimesoma kwamba antimoni husaidia hata fedha kukua juu ya fedha. Hapo hakuna tofauti ya nafasi za atomi, kwa hiyo hakuna mkazo. Sarfaktanti inatibu ugonjwa gani? (Mhandisi wa vifaa)

Jibu: Inatibu ugonjwa wa ngazi. Atomi iliyotua juu ya kisiwa huzurura hadi ukingoni. Ungedhani kushuka ni rahisi kwa kuwa chini kuna nafasi nzuri zaidi, lakini ili ishuke lazima ipite nje ya ukingo ambako, kwa kitambo kidogo, majirani wanaoishikilia ni wachache. Hapo pana kizingiti cha ziada. Ehrlich na Hudda walikigundua mwaka 1966 kwa kuangalia atomi kwenye tungsteni, na mwaka huo huo Schwoebel na Shipsey wakaeleza kinavyoathiri ngazi za fuwele. Leo hujulikana kwa majina ya Ehrlich na Schwoebel. Kwenye uso wa fedha uitwao 111 kizingiti hiki kina nguvu. Atomi hufika ukingoni, hurudishwa, huja tena, hurudishwa tena, na wakati huo nyingine zinaendelea kuanguka juu ya kisiwa kile kile. Mwishowe mbili hukutana juu, na kiini cha tabaka la pili kinazaliwa kabla la kwanza halijajaa. Jambo hilo likijirudia katika kila tabaka, utapata vilima vyenye ngazi ngazi hata kama hakuna mkazo wowote.

Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1992 yalitumia miale ya eksirei kufuatilia uso wa fedha wakati inakua. Tabaka linapokuwa nusu, uso una kingo nyingi na mwale unaoakisiwa hufifia. Tabaka linapojaa, uso hulainika na mwale hung'aa tena. Fedha peke yake ilionyesha mng'ao ukishuka bila kurudi. Kwa kuongeza antimoni kidogo, mng'ao ukaanza kupanda na kushuka, kilele kimoja kwa kila tabaka. Nimewahi kukaa mbele ya kipimo cha aina hiyo kinachotumia miale ya elektroni, katika chumba kilichozimwa taa, macho yakiwa kwenye doa moja la kijani kwenye skrini, nikihesabu kila lilipong'aa: tabaka la tano, la sita, la saba. Ni vigumu kuamini kwamba unachokihesabu kwa macho ni unene wa atomi.

Antimoni ilifanyaje kazi hiyo? Maelezo yanayokubalika kwa fedha ni kwamba ilipunguza uzururaji kwenye uwanda, visiwa vikawa vingi na vidogo, tena vyenye kingo zisizonyooka. Atomi iliyo juu ya kisiwa kidogo haina pa kwenda mbali na ukingo. Huugonga mara nyingi mno kabla atomi nyingine haijatua karibu yake, na hata kama kila mgongano una nafasi ndogo ya kufaulu, migongano mingi huishia kwa atomi kushuka. Kwa hiyo kuongezeka kwa visiwa, ambako mtu angekudhani ni dalili ya ukuaji mbaya, ndiko kulikoleta utando laini. Wanafunzi hulipinga jambo hili wanapolisikia kwa mara ya kwanza, na nawaelewa, kwani tumezoea kufikiri kwamba kisiwa ni adui wa ubapa. Kisiwa cha unene wa atomi moja si adui. Adui ni kisiwa kinachozaa kingine juu yake mapema mno.

Swali: Katika picha za hadubini nimeona visiwa vingine vimekaa kama sarafu na vingine vimetawanya matawi kama mti. Kinachoamua ni nini, na sarfaktanti inahusikaje? (Msomaji mpenda sayansi)

Jibu: Bila sarfaktanti, kinachoamua ni kama atomi iliyoshika ukingo wa kisiwa inaweza bado kutembea kandokando ya ukingo huo. Ikiwa haiwezi, itabaki pale ilipogusa kwanza. Atomi zinazozurura hugusa ncha zilizochomoza nje kabla hazijafika kwenye mifereji ya ndani, basi ncha hurefuka na mifereji hubaki mitupu. Witten na Sander walieleza umbo hili mwaka 1981 kwa kielelezo cha kompyuta, na miaka kumi baadaye lilionekana katika visiwa vya dhahabu juu ya rutheniamu. Uso ukipashwa joto, atomi za ukingoni hupata uwezo wa kutembea hadi penye majirani wengi, matawi yanajaa, na kisiwa kinakuwa cha duara au cha pembe zilizonyooka. Kanuni ya kawaida, basi, ni matawi kwenye baridi na umbo lililojaa kwenye joto.

Sarfaktanti inaweza kuigeuza kanuni hiyo kichwa chini miguu juu. Mwaka 1999 yalichapishwa majaribio ya gerimaniamu kwenye silikoni iliyofunikwa kwa risasi, yakiambatana na nadharia yake, ambamo visiwa vilikuwa vya umbo lililojaa kwenye halijoto ya chini na vya matawi kwenye halijoto ya juu. Sababu ni kwamba risasi hufunika ukingo wa kisiwa pia. Gerimaniamu inayozurura juu ya risasi ikifika kando ya kisiwa haijiungi papo hapo. Ni lazima kwanza ibadilishane nafasi na risasi, na badiliko hilo lina kizingiti chake. Kwenye baridi kizingiti hicho hukataa mara nyingi. Atomi hugusa ncha, hukataliwa, huondoka, hugusa upande, hukataliwa, hupenya hata kwenye mfereji wa ndani, na inapofanikiwa kujiunga huwa imekwisha kutembelea ukingo wote, kwa hiyo haipendelei ncha. Kwenye joto kizingiti huvukwa upesi, mara nyingi kwenye mguso wa kwanza, na ncha hupata upendeleo wake wa zamani. Matawi hurudi, mradi atomi zilizokwisha kujiunga chini ya risasi haziwezi kuhama.

Swali: Kuna maandishi yanayosema sarfaktanti huongeza idadi ya visiwa, na mengine yanasema huipunguza. Ipi ni kweli? Na je, nikihesabu visiwa kwenye picha nitaweza kujua kasi ya uzururaji wa atomi? (Mtafiti mwanafunzi, shahada ya uzamili)

Jibu: Yote mawili ni kweli, kila moja kwa sarfaktanti yake. Majaribio ya miaka ya 1990 ya silikoni juu ya silikoni 111 yalizigawa elementi hizi katika makundi mawili. Aseniki na antimoni ziliongeza visiwa na kupunguza umbali kati yao. Galiamu, indiamu, bati na risasi zilifanya kinyume: visiwa vichache, vilivyo mbalimbali.

Swali lako la pili ndilo linalonihangaisha, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Mtu huhesabu visiwa, huona vimeongezeka mara 20, huchukua kanuni ile ya theluthi, kisha hutangaza kwamba uzururaji umepungua mara 8,000. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nikiwa na umri kama wako: nilitumia siku kadhaa kuweka alama ya kalamu kwenye kila kisiwa katika picha za hadubini ya sindano, nikapata idadi nzuri, nikaiandika kasi ya uzururaji kwa fahari. Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu, kwamba nilijuaje kuwa kila atomi iliyogusa ukingo ilinaswa. Sikuwa na jibu.

Kanuni ya theluthi imejengwa juu ya dhana kwamba ukingo wa kisiwa hunasa kila kinachoufikia. Tumeona hivi punde kwamba sarfaktanti inaweza kuufunika ukingo. Ukingo uliofunikwa unapokataa wageni, wazururaji hubaki uwandani na kuongezeka, hukutana wao kwa wao mara nyingi zaidi, na viini vipya huendelea kuzaliwa muda ambao kwa kawaida vingekuwa vimekoma. Visiwa vitakuwa vingi hata kama atomi zinazurura kwa kasi ile ile, au hata kwa kasi zaidi juu ya uso ulioridhika. Kwa hiyo aseniki inayoongeza visiwa kwenye silikoni yaweza kuwa inawapunguzia wazururaji mwendo, yaweza kuwa inawafungia milango ya kingo, au yote mawili. Idadi peke yake haitenganishi hayo.

Kinachosaidia ni kutazama idadi inavyobadilika, badala ya kutosheka na ukubwa wake. Weka halijoto ile ile, badili kasi ya kuwasili kwa atomi, hesabu tena. Kingo zikinasa kila kitu, kipeo ni ukubwa wa mpaka uliogawanywa kwa ukubwa huo ukijumlishwa na 2. Kingo zikiwa na kizuizi kikali, kipeo ni ukubwa wa mpaka mara mbili, uliogawanywa kwa ukubwa huo ukijumlishwa na 3. Chukua ukubwa wa mpaka wa 1 na uongeze kasi ya kuwasili mara 100: katika hali ya kwanza kipeo ni theluthi na visiwa huongezeka mara 4.6, katika hali ya pili kipeo ni nusu na visiwa huongezeka mara 10.

Usifurahi mapema ukipata nusu. Ukubwa wa mpaka wa 2 wenye kingo zinazonasa kila kitu nao hutoa nusu, hivyo unahitaji ushahidi mwingine wa ukubwa wa mpaka kabla hujaamua, kwa mfano mgawanyo wa ukubwa wa visiwa au sura ya kingo zake kwenye halijoto tofauti. Lakini angalia kanuni ya kwanza kwa makini: ukubwa wa mpaka uwe wowote ule, kipeo chake hakifiki 1 kamwe. Kanuni ya pili huvuka 1 pale ukubwa wa mpaka unapozidi 3. Ukibadili kasi ya kuwasili mara 10 na visiwa vikaongezeka zaidi ya mara 10, jua kwamba kingo za visiwa vyako zimefungwa, na anza kutafuta kizingiti cha kubadilishana nafasi kabla hujaandika neno lolote kuhusu uzururaji.